Kwa Nini Mizizi ya Kunde Ina Vinundu

Zamani hizo, kabla watu wa milima hii hawajajua kukaa mahali pamoja, udongo ulikuwa na sauti. Haikuwa sauti ya maneno. Ulikuwa mvumo, kama wa nyuki walio ndani ya mzinga, na haukusikika kila mahali. Mtu akilala kifudifudi shambani na kuweka sikio chini, pengine aliusikia mara moja, na pengine angekaa kutwa asisikie kitu. Na kunde za wakati huo zilikuwa na mizizi mitupu. Ulipoing'oa ulikuta nyuzi nyeupe tu, laini, hazina hata kinundu kimoja.

Waliokuwa wakivuma ni Wadogo. Hao ndio wafanyao kazi ndani ya udongo, na udogo wao hauelezeki: ukoo mzima ungekaa juu ya punje moja ya ulezi na nafasi ikabaki ya wageni. Kazi yao ilikuwa kuushika upepo unaopenya ardhini na kuupika mpaka ukawa chakula cha mimea. Wakati huo hawakuwa na nyumba. Walilala popote, mvua kubwa ikawazoa, jua kali likawaua. Lakini palipotokea mahali wakakaa miaka mingi bila kusumbuliwa, waliongezeka, na hapo ndipo mvumo wao uliposikika.

Watu hawakuwajua. Watu wa milima hii walijua jambo moja tu kuhusu udongo, nalo walilijua vibaya. Walijua kwamba udongo huchoka. Walifyeka msitu, wakachoma, wakapanda kwenye majivu. Mwaka wa kwanza mboga zilistawi mpaka mtu akapotea ndani ya mnavu wake. Mwaka wa pili zilikuwa nzuri, wa tatu si haba. Mwaka wa nne majani yalianza kuwa ya njano, na wa tano mama alichuma kutwa asijaze kikapu. Hapo mji mzima ulihama ukaenda kufyeka kwingine.

Kule walikotoka kuliitwa mahame, na kurudi mahame ulikuwa mwiko, kwa sababu baada ya miaka kupita mahame yalivuma. Wao walisema yanapiga kite. Walisema ule ni udongo unaougulia uchovu wake, na kwamba uchovu huo huambukiza, hunata kwenye nyayo za mtu na kumfuata mpaka shamba jipya.

Basi kila walipohama walisimama mtoni wakajiosha. Waliosha majembe na mipini yake, vikapu, kwato za mbuzi, nyayo za watoto wachanga ambao hawajawahi kukanyaga chini. Mbegu waliziosha mara tatu kwa mchanga wa mtoni mpaka zikang'aa. Palikuwa na wanawake wazima ambao kazi yao ilikuwa kukagua kucha za wenzao, na aliyekutwa na weusi chini ya ukucha alirudishwa majini mbele ya wakwe zake. Walikuwa watu safi mno. Usafi wao ndio uliowatia njaa, maana kila walipovuka mto waliwaacha Wadogo majini, na kila shamba jipya walilianza na majivu tu. Majivu yakiisha, wakahama tena. Hawakuona kosa lolote, kwa kuwa kila mtu alifanya hivyo hivyo, na mama yake kabla yake.

Katika mji mmoja wa namna hiyo aliishi mwanamke aitwaye Nakiete. Alikuwa mjane, mfupi, mwenye viganja vipana, na hakuwa msemaji. Mumewe alikufa mapema akamwachia mtoto mmoja wa kike, Nanzia. Wakati wa habari hii Nanzia naye alikuwa hayupo. Homa ilimchukua akiwa na miaka sita, na mama yake akamzika pembeni mwa bustani ya mboga, mahali ambapo mtoto alizoea kukaa akichambua mbegu huku yeye akipalilia. Kila asubuhi Nakiete alianza kazi upande ule. Alizungushia jembe kaburi, akasema maneno mawili matatu ya kawaida, kwamba jana kulikuwa na baridi, kwamba mbuzi wa fulani amezaa, kisha akaendelea na matuta mengine.

Watu walimwona wakamwacha. Kila mmoja wao alikuwa na kaburi mahali fulani. Lakini makaburi yao yalikuwa mahame, ng'ambo ya mito waliyokwisha kuivuka na ambayo hawangeivuka tena.

Mkuu wa mji alikuwa Kirita, kaka wa marehemu mume wa Nakiete. Kirita hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye watu wengi wa kulisha. Mvua za vuli zilipoanza mwaka ule, aliwaita watu uwanjani akawaambia kile ambacho kila mmoja alikwisha kukiona bustanini mwake. Majani yalikuwa ya njano. Mvua zikikoma na mto ukipungua, mji utavuka. Wanawake waanze kuchagua mbegu.

Nakiete alimfuata nyumbani kwake. Alimkuta amekaa kizingitini akichonga mpini wa jembe.

"Shemeji, mimi sihami."

Kirita hakuinua uso. "Kila mtu huhama, mama Nanzia."

"Mwanangu yuko pale."

"Na wangu watatu wako wapi?" Sasa aliinua uso. "Wawili mahame ya kwanza, mmoja ya pili. Sijui hata kama makaburi yao bado yanaonekana. Unadhani sikulia?"

Haikuwahi kumjia Nakiete kwamba Kirita naye hulia. Alitazama jinsi maganda ya mti yanavyoanguka, kisha akauliza, "Na udongo huu ukizaa kabla mto haujapungua?"

"Huu?" Kirita alicheka, lakini si kwa dhihaka. "Udongo huu ukizaa, nitakuja kula mboga zako mbele ya watu wote, na chungu nitakilamba. Usijidanganye, shemeji. Umechoka huu. Nenda kachague mbegu."

Kutoka jikoni ikaja sauti ya Nambike, mkewe Kirita, ambaye hakuna mazungumzo yaliyowahi kumpita. "Na unawe kabla hujazigusa! Kucha zako wewe kila siku nyeusi." Nambike alikuwa mkaguzi wa kucha wa mji, na kazi yake aliipenda.

Siku zile Nakiete alikuwa na swali moja kichwani. Alitaka kujua kaburi linakuwaje likishaachwa. Hakuna aliyeweza kumwambia, kwa kuwa hakuna aliyewahi kurudi kutazama. Mama yake mzazi alizikwa mahame ya karibu, mwendo wa asubuhi moja, bustanini kwake alipoanguka akiwa anachuma mboga. Siku ya nne Nakiete alichukua kikapu, akawaambia majirani anakwenda kuokota kuni, akavuka mto kwenye gogo na kupanda mlima wa ng'ambo.

Alitarajia kukuta miiba. Alijiandaa kwa hilo njia nzima, akijiambia kwamba akikuta miiba atarudi, atachagua mbegu, atahama kama wenzake. Nyumba zilikuwa zimeanguka kweli, na nyasi zilikuwa zimemeza uwanja. Lakini kwenye bustani ya mama yake kulikuwa na kunde. Zilijimwaga zenyewe mwaka baada ya mwaka, zikatambaa matuta yote na kulifunika kaburi. Majani yalikuwa mapana kama kiganja chake, ya kijani cha kukolea. Hakuna aliyekuwa amezipalilia wala kuzitilia jivu. Nakiete alichuma jani moja akalitafuna bichi, akalia, kwa sababu lilikuwa na utamu ule wa utotoni na yeye alikuwa amesahau kwamba mboga huweza kuwa na utamu.

Alipiga magoti ili aage. Alipoinama aliusikia mvumo.

Alisimama akakimbia hatua kumi, akasimama tena. Kitu kilikuwa hakijakaa sawa. Mtu akiugua hukonda, na hapa hapakuwa na kilichokonda. Alirudi polepole, akalala, akaweka sikio chini. Nakiete alikuwa amekaa siku tisa kando ya mtoto anayekata roho, na sauti ya kiumbe kinachoishiwa nguvu hakuna aliyeijua kumshinda. Hii haikuwa hiyo. Hii ilikuwa sauti ya watu walio kazini, kama wanawake wanaotwanga mbali huku wakiimba kwa midomo iliyofumbwa.

Alichimba kwa mikono chini ya kunde zile, akajaza kikapu nusu, akafunika kwa majani.

Kwenye ukingo wa mto alisimama muda mrefu. Kikapu kilikuwa kichwani, na tope la kaburi la mama yake lilikuwa katikati ya vidole vyake vya miguu. Maji yalikuwa hapo, hatua moja. Aliwaza watoto wa wenzake. Aliwaza itakuwaje kama Kirita ndiye mkweli na yeye ni mjinga tu aliyepotezwa na majonzi, anawapelekea watu njaa nyumbani kwao. Aliogopa sana. Mwisho alijiambia kwamba udongo ule hautavuka mpaka wa bustani yake. Kama ni ugonjwa, uanzie kwake. Akapita juu ya gogo, akaingia mjini kwa miguu michafu. Tangu dunia iumbwe, hakuna mtu wa milima hii aliyewahi kufanya hivyo.

Udongo wenyewe ulikuwa kidogo. Nakiete alipika uji mwembamba wa ulezi, akauacha upoe, akauchanganya na udongo mpaka ukawa tope zito, kisha akazivingirisha mbegu zake za kunde humo mpaka kila moja ikavaa koti. Zilitosha matuta mawili, yale ya kando ya kaburi. Matuta mengine aliyapanda mbegu safi, kwa desturi.

Kwa siku kumi hakukuwa na tofauti. Zile za tope na zile safi ziliota pamoja, zikawa za njano pamoja, na Nakiete akaanza kuwa na hasira na mama yake, na kunde, na yeye mwenyewe. Wiki ya tatu, mvua ikiwa imepamba moto, matuta mawili yaliamka. Yaligeuka rangi kuanzia chini kwenda juu. Na asubuhi moja, alipoinama kaburini kusema habari zake za jana, aliusikia mvumo, mdogo, wa mbali. Alikaa pale mpaka jua likawa juu. Tangu Nanzia afe ilikuwa mara ya kwanza kuwa na mtu wa kumjibu, ndivyo alivyoona, na kuanzia hapo kila asubuhi alichelewa kuanza kazi.

Uchelewaji huo ndio uliomleta Nambike. Alikuja kwa kisingizio cha kuomba moto, akamkuta mwenzake amelala kifudifudi kati ya matuta ya kijani ambayo hayakufanana na kitu chochote mlimani. Nambike hakuwa mpumbavu. Aliyatazama majani, akatazama kucha za Nakiete, akainama akasikiliza. Kilio chake kilifika mpaka ng'ambo.

"Mahame! Ametuletea mahame!"

Watu walijaa bustanini kabla umande haujakauka. Kirita alikuja wa mwisho, akauliza swali moja tu, na Nakiete hakumdanganya. Alisema alikwenda mahame, alichukua udongo, hakuosha miguu.

"Unausikia?" Kirita aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumizwa. "Unausikia unavyopiga kite? Umetufikishia mahame mpaka mlangoni, mama Nanzia. Nina watoto arobaini na wawili katika mji huu."

"Hauugui, shemeji. Unafanya kazi."

Hakuna aliyemsikiliza. Kirita aliwaamuru wanawake washuke mtoni na vibuyu, kila mmoja, na wapande kwa zamu mpaka matuta yale mawili yaoshwe yote, udongo na mimea, yateremke korongoni. Bustani ile ilikuwa kwenye mteremko. Nakiete alitazama matuta, akatazama kaburi lililokuwa kati ya matuta na korongo, akaelewa kwamba maji yatakayochukua kunde yatamchukua na mwanawe. Alikwenda akakaa juu ya kaburi, akanyoosha miguu, akakunja mikono kifuani.

"Ondoka, shemeji," Kirita alisema.

"Mtaniosha nikiwa hapa."

Sasa, yale mazungumzo Wadogo waliyasikia. Walikuwa wamezoea kuoshwa. Kizazi baada ya kizazi walikuwa wameteremka na mito, na waliojikuta mchangani walikufa huko. Lakini hawa walikuwa wamevuka mto juu ya kichwa cha mtu, wakiwa wamefunikwa kwa majani, na walikuwa wameonja jinsi ilivyo kubebwa. Hawakutaka kwenda. Wakamgeukia aliyekuwa karibu, mzizi wa kunde, wakamwambia, "Maji yanakuja. Hatuna nyumba."

Kunde alifikiri. Naye alikuwa na njaa yake ya miaka mingi, ya kuanza vizuri kwenye majivu na kumaliza vibaya. "Ingieni ndani yangu," alisema. "Nitawajengea vyumba kwenye mzizi, na kila siku nitawashushia utamu ambao majani yangu yanautengeneza juani. Nanyi mtanipikia upepo, mimi na jirani zangu. Lakini mnyamaze. Siwezi kuishi na mvumo mwilini mwangu mchana kutwa."

Hilo liliwauma. Wadogo walipenda kuimba kuliko kula. Walishauriana mpaka vibuyu vikasikika vikigongana njiani, kisha wakaingia, ukoo mmoja mmoja, wakafunga milango nyuma yao.

Nambike alikuwa wa kwanza kufika. Aliinua kibuyu, kisha akabaki nacho hewani.

"Udongo umenyamaza," alisema.

Kirita alipiga magoti akaweka sikio chini. Akahamia tuta la pili. Akarudi la kwanza. Watu walimtazama mzee yule akitambaa kwenye matope na hakuna aliyecheka. Alipoinuka alishika shina la kunde karibu na ardhi, akaing'oa taratibu, akaipukuta.

Kwenye mizizi kulikuwa na vinundu. Vilikuwa vingi, vidogo, vya mviringo, vimeshikamana na nyuzi kama shanga. Mtu mmoja nyuma alisema ni majipu, ni ugonjwa wenyewe huo. Kirita alibana kinundu kimoja kwa ukucha kikapasuka, na ndani kilikuwa chekundu kama nyama mbichi. Alikwenda mpaka bustani ya mkewe, iliyokuwa hapo jirani, akang'oa kunde moja ya njano, akarudi nayo. Mizizi yake ilikuwa mitupu. Alizishika zote mbili, moja kila mkono, kwa muda uliotosha wanawake kuchoka na kuweka vibuyu chini bila kuambiwa.

"Jipu humnyima mtu nguvu," alisema mwishowe. "Hii ina nguvu kuliko kitu chochote katika mlima huu." Kisha akamgeukia Nakiete aliyekuwa bado amekaa pale pale. "Ulifanyaje? Nieleze yote, usiruke kitu."

Nakiete alieleza: kunde zilizolifunika kaburi la mama yake, udongo, uji wa ulezi, mbegu. Alieleza vibaya, akirudi nyuma na kurukia mbele, kwa kuwa hakuzoea kusikilizwa na watu wengi. Alipomaliza Kirita alisema mji utasubiri mvua moja. Hakusema watabaki. Alisema watasubiri.

Adhuhuri ile Nakiete alipika majani ya matuta yale mawili, na Kirita alikula mbele ya watu wote. Chungu hakukilamba, ingawa watoto walimkumbusha. Mwezi uliofuata mto ulipungua na hakuna aliyevuka. Nakiete alikuwa na mbegu za mchicha, akazipanda pale pale kunde zilipokatwa, na mchicha ule ukamfika kiunoni. Kirita akasema wasubiri mvua nyingine. Walikaa hivyo wakisubiri, mwaka baada ya mwaka, mpaka neno la kuhama likawa la hadithi.

Nambike alikuja kuomba udongo mwishoni mwa msimu ule wa kwanza, wakati wenzake wote walikuwa wamekwisha kuomba. Alisimama penye mpaka wa bustani akitazama pembeni.

"Nimekuja, mwenzangu," alisema.

"Naona." Nakiete aliendelea kupalilia tuta zima, mpaka mwisho, ndipo akageuka. "Hebu nione mikono."

Nambike aliinyoosha. Ilikuwa imeoshwa ikang'aa, mazoea ni kitu kigumu.

"Mikono misafi hivyo nitaimwagiaje udongo wangu? Nenda kachimbe kwanza, uje ikiwa michafu."

Nambike alikwenda akachimba. Aliporudi Nakiete alimjazia viganja vyote viwili, na mizizi mitatu yenye vinundu juu yake, na wote wawili wakacheka kidogo, kwa shida. Hawakuwahi kuwa marafiki wakubwa, lakini kuanzia siku hiyo Nambike hakukagua tena kucha za mtu.

Faida hiyo yote haikumwacha Nakiete bila hasara. Asubuhi iliyofuata siku ile ya vibuyu, alikuwa amekwenda kaburini akaweka sikio chini. Hakusikia kitu. Alihama upande huu na upande ule. Kunde zilikuwa pale, nene, zina kila dalili ya uzima, lakini waliokuwa wakiimba ndani ya udongo walikuwa wameingia ndani na milango ilikuwa imefungwa. Siku ile alilia kuliko siku aliyomzika mtoto, kwa maana siku ya kuzika alikuwa na watu wa kumshika. Alijua amelipwa alichokuwa akikitaka. Kaburi lilikuwa pale, na yeye alikuwa pale. Hata hivyo iliuma, na iliendelea kuuma, naye hakumwambia mtu. Baada ya siku chache alianza tena kumweleza Nanzia habari za jana, bila kujibiwa.

Aliishi mpaka akawa bibi kizee, na bustani yake haikuwahi kuwa ya njano tena. Alipokufa watu walikutana kujadili azikwe wapi, kwa sababu jambo lile halikuwa na mfano. Kirita alikuwa hai bado, kipofu, amebebwa na wajukuu. Alisema hilo si la kujadiliwa. Wakamzika pembeni mwa mboga zake, kushoto kwa Nanzia, karibu kiasi kwamba mtu hakuweza kupitisha jembe katikati. Katika watu wote waliowahi kufa milimani hapa, yeye ndiye mama wa kwanza kulala na mwanawe.

Na kuanzia wakati huo mpaka leo hii mizizi ya kunde ina vinundu, na ukikipasua kimoja kikiwa kizima utakuta wekundu ndani. Ndiyo sababu wanawake wa huku hawang'oi kunde zikizeeka. Huzikata kwa kisu na kuiacha mizizi ardhini, ili mchicha na mnavu wa msimu unaofuata ukute chakula kimepikwa. Ndiyo sababu pia msichana akiolewa mbali hupewa udongo wa bustani ya mama yake kwenye kibuyu, nao hukabidhiwa kwa mavyaa wake, mama wa mumewe, kabla ya zawadi nyingine yoyote. Udongo umenyamaza tangu siku ile, na hata mtu akilala kifudifudi mwaka mzima hatausikia. Na ukipita milimani kwetu ukashangaa kwa nini makaburi yako bustanini, katikati ya mboga, mahali watu wanapochuma cha kula jioni, usituone watu wa ajabu. Hatuhami tena. Wetu tunakaa nao.